Chandarua Kilicholala Nje

"Hapana gusa ile sakoshi," Tante Hulda alisema bila kugeuka. "Niko nakuona."

Kaswera aliurudisha mkono. Mfuko wake wa kazi ulikuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, pale pale ulipokuwa tangu juzi, na ndani yake kulikuwa na kitu alichokitamani na kukiogopa kuliko kitu kingine chochote duniani: kipimo cha malaria. Tone moja la damu, muda wa kuchemsha chai, na jibu linatoka. Kazi yake ya afya ya mtaa, kazi wanayoiita reco, ilimfanya awatoboe vidole karibu nusu ya watu wa mtaa wake, Kimemi. Lakini baba yake mzazi, aliyekuwa anatetemeka hadi mbao za kitanda zinalia, alikuwa hajamgusa.

Mganga hajigangi, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwa na mchumba wa Beni.

Papa Kitsa alilala chini ya kabuti lake jeusi, vifungo vyote vimefungwa. Kabuti hilo alilivaa tangu ujana wake, enzi zile ukungu wa Butembo ulipokuwa hauondoki mpaka karibu adhuhuri na watu wakinywa chai wakiwa wamekumbatia vikombe. Siku hizi ukungu hukimbia mapema, jua huchoma, na mvua hunyesha katika miezi ambayo maharagwe yanapaswa kukauka. Papa Kitsa hakujali. Alivaa kabuti lake, jasho likimtiririka, akamwambia kila aliyemtazama, "Butembo ni baridi." Ukiitoa imani ya Kanisa Katoliki, hiyo ndiyo ilikuwa imani yake ya pili. Penye baridi hapana mbu, pasipo mbu hapana malaria. Malaria ni ugonjwa wa watu wa chini, watu wa joto, watu wa Beni.

Na Issaka alikuwa mtu wa Beni.

Alikuja kujitambulisha Jumapili moja baada ya misa, shati limepigwa pasi, macho chini kwa heshima. Alikuwa kijana wa Kiislamu, dereva wa gari la familia yake, anayepandisha mafuta ya mawese Butembo na kuteremsha viazi Beni. Walimkaribisha barazani, wakampa kiti na soda, na kwenye baraza akaishia. Alileta sukari, alileta kitenge, na mwishoni akatoa chandarua cha buluu, kipya, kilichokunjwa vizuri.

"Hii ilitoka kwa Mama Rachida, mama yangu," alisema. "Anasema pale mutoto yake anapata bazazi bengine, balale muzuri."

Papa Kitsa alicheka mpaka akajifuta machozi. "Moustiquaire? Kwa Butembo? Kijana, huku mbu inakufwa na baridi mbele ifike kwa mulango!"

Kesho yake asubuhi akakitandaza juu ya miche yake ya kabichi, kuku wasiidonoe. Majirani wakacheka naye. Kaswera hakucheka, kwa sababu aliijua desturi ya nyumba yao. Zawadi iliyopokelewa hulala ndani, na aliyeileta huwa mtu wa nyumbani. Zawadi inayolala nje bado inangoja jibu, na mwenyewe naye anangoja nje. Zawadi za mume wa dada yake ziliingia ndani siku ile ile, hata mkungu wa ndizi ulioanza kuoza.

Ndipo homa ikaja. Papa Kitsa, meno yakigongana, alisema mbele ya dada yake Hulda, "Kama hii ni malaria, njo yule kijana aliniletea. Na mutu mwenye analeta kifo kwa nyumba yangu, sitamupatia mutoto." Akajifunika kabuti. Tante Hulda akatangaza kwamba ni tifoide, akaenda kununua vidonge vya tifoide, na mjadala ukafungwa. Kwa Tante Hulda tifoide iliokoa heshima ya Butembo. Kwa Kaswera iliokoa penzi. Tifoide ilimfaa kila mtu nyumbani, isipokuwa mgonjwa.

"Kahambu," Papa Kitsa aliita ghafla, macho yamefumba. "Kahambu, samaki ulizipatia chakula?"

Wanawake wawili wakatazamana. Kahambu alikuwa mama yake Kaswera, na sasa alikuwa amelala kwenye makaburi ya parokia.

"Ni homa inasema," Tante Hulda alinong'ona, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua nguvu. "Mupatie maji."

Kaswera akampa maji. Maji yakatoka vile vile yalivyoingia, yakaloanisha kola ya kabuti. Kaswera alitaka kulia, lakini alijua akianza hataweza kuacha.

Honi ya gari ikalia barabarani, fupi, mara mbili. Aliijua honi hiyo kuliko kengele ya kanisa.

Issaka alikuwa amesimama karibu na kitalu cha kabichi, mikono bado ina mafuta ya mawese. Hakuwa amelala vizuri, macho yake yalisema hivyo. Kaswera alitamani kumkimbilia na kuegemeza kichwa kifuani pake hata kwa pumzi moja tu. Lakini dirisha la Tante Hulda lilikuwa wazi, kwa hiyo akasimama upande wa pili wa kitalu, chandarua cha buluu kikiwa katikati yao.

"Papa iko namna gani?"

"Anamuita mama yangu."

"Ulimupima?"

"Hapana."

"Kaswera."

"Usiniangalie vile! Unajua alisema nini. Nilikuambia kwa simu."

"Uliniambia, ukilia."

"Donc unajua. Nikimupima, na ikitoka malaria, tumekwisha. Mimi na weye. Tante alisikia kile kiapo, hataachilia."

"Pima."

Alilitamka polepole, bila kuinua sauti, na Kaswera akahisi amepigwa kofi.

"Unasema vile rahisi? Kama mutu anasema, nipitishie chumvi?" Machozi yaliyokuwa yanangoja yakapata mlango. "Mimi siku zote hizi niko nafia hapa katikati ya baba yangu na weye, na weye unakuja, unasema pima, tuachane, unarudi kwako na viazi?"

"Nani alisema tutaachana?"

"Papa alisema!"

"Papa iko mugonjwa. Nisikilize, chérie." Issaka aliinama, akaweka kiganja juu ya chandarua. "Kwetu, homa ikishika mutu, hatuulizake alipewa na nani. Tunauliza ilianza lini. Sisi mwili yetu ilizoea kidogo kidogo tangu utoto. Lakini mutu ya mulima, mwenye hakuizoea, inamupiga mubaya. Nani alinifundisha ile? Si weye?"

Ni Kaswera aliyemfundisha, kwa kujisifu, siku walipokutana kwenye foleni ya dawa.

"Sasa tuseme unanyamaza," Issaka aliendelea, na hapo sauti yake ikapasuka. "Tuseme Papa ananyamaza naye, kwa siku zote. Tutafunga ndoa, eeh. Halafu siku moja utaniangalia kwa meza, niko nakula, utakumbuka hii siku. Mimi sitaki kukupata kwa njia ile. Wallahi, sitaki."

Kaswera aliweka kiganja chake juu ya chandarua, upande wake. Vidole vyao vikagusana kupitia matundu madogo, hata si kugusana kwenyewe, lakini joto lake akalisikia. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kama Tante Hulda alikuwa dirishani, basi aliona kikohozi kizima.

"Na wakikufukuza?"

"Nitakuwa pale pa mulango. Banifukuze niko naona."

Kaswera akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaingia ndani, akautoa mfuko msumarini.

"Nilisema nini?" Tante Hulda akasimama mbele ya kitanda, mikono kiunoni. "Bibi reco! Unataka kuaibisha baba yako?"

"Nataka aishi, Tante."

"Ikitoka malaria, mimi njo shahidi. Nitasema mbele ya familia yote, nilisikia kwa masikio yangu."

"Useme. Uwe shahidi." Kaswera alikuwa tayari anafungua kipimo. "Mais kwa sasa, unishikie hiki kidole yake."

Na Tante Hulda, ambaye maishani mwake hakuwahi kupokea amri kutoka kwa mtoto, alikishika. Huenda ni kwa sababu mkono wa kaka yake ulikuwa unachoma kama jiwe la mekoni.

Tone la damu likaingia. Kaswera akakiweka kipimo juu ya stuli, karibu na rozari ya mama yake, akakaa chini sakafuni. Nini cha kuomba? Akiomba isiwe malaria, anaomba baba yake aendelee kuumwa na ugonjwa usiojulikana. Akiomba iwe malaria, anaomba kumpoteza mwanaume anayempenda. Akaomba Salamu Maria tu, bila kutaja haja yake, amwachie Mama wa Mungu achague mwenyewe.

Mstari wa kwanza ukatokea. Baadaye, chini yake, mwingine, hafifu kwanza, halafu mwekundu usio na ubishi.

"Nyamuhanga, Mungu wetu," Tante Hulda alisema, akafanya ishara ya msalaba. Kisha uso ukakakamaa. "Ulijionea! Yule mutoto ya Beni..."

"Tante, alikuja mchana, akarudi mchana. Hii mbu inauma usiku."

"Alituletea! Nilisema..."

Hakumaliza. Kitandani Papa Kitsa alikuwa ameacha kutetemeka. Kaswera alimwita, akamtikisa bega, akamfinya shavu. Macho yalifunguka nusu, meupe, yakafunga. Hakuita tena Kahambu wala mtu mwingine.

"Dawa ya kumeza haitafaa," Kaswera alisema, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. "Inaomba sindano. Hospitali, sasa hii. Tante, umushike miguu."

Wakajaribu. Papa Kitsa alikuwa mtu mnene, na kabuti lilikuwa zito kwa jasho. Walimwinua kidogo, wakamrudisha, wakajaribu tena, na Tante Hulda akaanza kulia kwa hasira.

Mlangoni kulikuwa na kivuli. Issaka alisimama, ncha za viatu vyake zimegusa kizingiti, hazijavuka. Aliona kila kitu. Gari lake lilikuwa linanguruma barabarani, ameshaliwasha. Lakini zawadi yake ilikuwa inalala nje, na kijana aliyelelewa vizuri haingii nyumba ambayo haijamjibu.

"Tante," alisema, "naomba ruhusa niingie."

Tante Hulda alimtazama. Akamtazama kaka yake. Akamtazama tena kijana, mikono yake mipana, mafuta ya mawese mpaka kwenye viwiko.

"Ingia!" alipiga kelele. "Unangoja nini, bakuandikie invitation?"

Issaka akaingia hatua mbili kubwa, akamwinua Papa Kitsa pamoja na kabuti lake, akatoka naye kifuani kama anavyobebwa mtoto aliyelala.

Hospitalini muuguzi aitwaye Sikuli, mwanamke wa maneno machache, alichoma sindano ya kwanza na kutundika chupa ya maji, halafu akageuka na maswali.

"Mzee alisafiri mwezi hii? Alishuka Beni? Kasindi?"

"Hapana," Tante Hulda alijibu haraka. "Hatoki Butembo. Ni mugeni njo alituletea."

"Mugeni alilala kwenu?"

"Hapana kulala. Alikunywa soda, akaenda."

Muuguzi Sikuli alitikisa kichwa, kwa upole wa mtu aliyechoka. "Mama, angalia hii salle. Hizi bitanda zote ni batu ya hapa hapa, na bengine hawajaona Beni hata kwa picha. Zamani baridi ilikuwa inafunga mulango. Sasa joto iliufungua, mbu ikapanda mulima, haikungoja mutu aibebe. Karibu na nyumba yenu maji inasimama?"

Kaswera alifumba macho. Aliona bwawa.

Lilikuwa chini ya kiwanja, nyuma ya migomba. Baba yake alilichimba kwa jembe lake mwenyewe kumfurahisha Kahambu, aliyependa tilapia, na kila jioni Kahambu alishuka na makombo ya ugali akizungumza na samaki kana kwamba ni wajukuu. Mwaka aliokufa, mvua ilikuja nje ya msimu wake, bwawa likafurika, samaki wakaenda na maji. Papa Kitsa hakurudisha samaki wengine wala hakufukia. Hakuruhusu mtu aliguse. Kaswera alikuwa akizunguka mtaani na upawa wake mrefu wa kuchunguzia maji, akiwaambia watu wafukie mashimo ya matofali, na akifika nyumbani kwao alipita njia ya juu.

Siku zilizofuata zilikuwa za kungoja. Papa Kitsa alizinduka, akaomba uji, akalalamika kwamba uji hauna sukari, na hapo Kaswera akaenda nyuma ya hospitali kulia kwa raha. Issaka alikuja kila aliposhusha mzigo. Hakuingia salle. Alikaa kwenye benchi la nje, akimpa Tante Hulda ndizi na mkate ampelekee mgonjwa, na Tante Hulda alivipokea bila shukrani na bila tusi. Kwa Tante Hulda, hayo yalikuwa mengi. Lakini juu ya kiapo hakuna aliyesema neno, na kila Kaswera alipomwona Issaka benchini alijiuliza kama hii ndiyo mara ya mwisho.

Siku waliporudi nyumbani, Papa Kitsa alikalishwa barazani kwenye jua la alasiri. Kabuti lilikuwa limefuliwa na kuanikwa uani, na bila kabuti alionekana mdogo. Issaka, aliyewaleta, alibaki kando ya gari lake akijifanya anakagua gurudumu.

Kaswera alishuka bwawani na upawa. Aliporudi alikuwa na sahani nyeupe mikononi, maji ndani yake. Aliiweka mapajani pa baba yake, akapiga magoti.

Papa Kitsa akainama. Ndani ya maji kulikuwa na vitu vidogo vyeusi, vinajikunja na kujinyoosha, vinapanda na kushuka.

"Hii ni nini?"

"Ni batoto ya mbu, Papa."

"Ya Beni?"

"Ya kwetu. Nilizichota sasa hii. Kwa maji ya mama."

Mzee akatazama sahani kwa muda mrefu. Kaswera aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya kipimo, maana homa inatibika kwa sindano, lakini hili hakujua litatibiwa na nini.

"Mama yako alipenda ile maji," Papa Kitsa alisema mwishoni.

"Alipenda samaki, Papa. Maji bila samaki hangeiachilia ikae vile."

"Hangeiachilia," baba yake alikubali, taratibu. "Angenitukana."

Tante Hulda akakohoa. Alikuwa amengoja zamu yake tangu hospitalini. "Kaka yangu, kuko neno. Ulisema mbele yangu, kama ni malaria..."

"Nilisema nini, Hulda? Useme vile nilisema."

"Ulisema, mutu mwenye analeta kifo kwa nyumba yako, hutamupatia mutoto."

"Njo vile. Na sigeuzi." Papa Kitsa aliinua sahani kidogo, akamwonyesha dada yake. Halafu akajigusa kifua kwa kidole kile kile kilichotobolewa. "Mwenye aliileta ni huyu. Alichimba shimo, akaikatalia batu yote. Basi, huyu mubaya akikuja kuposa, mumufukuze."

Ingawa Tante Hulda hakutaka, kicheko kikamtoka puani.

"Kaswera. Ile kitu ya Mama Rachida iko wapi?"

"Iko juu ya machou, Papa."

"Mpaka leo inalala inje?"

"Ni weye uliiweka."

"Usinifundishe mambo nilifanya. Iondoe. Ikung'ute udongo, kufula tutafula kesho." Alivuta pumzi. "Uiingize."

Kaswera hakusogea. Aliogopa kwamba masikio yamemdanganya. "Ndani, Papa?"

"Ndani. Kwa kitanda yangu. Na mwenye aliileta hana mikono? Aje aifunge mwenyewe. Halafu kesho atanitafutia samaki ya kutia kwa maji. Ya padri na ya imamu ni ngumu, ile tutabishana nikipata nguvu."

Kaswera alikimbia mpaka kitaluni, akang'oa vijiti, akakikung'uta chandarua mpaka udongo ukamrukia usoni, na hakujali. Hakumwita Issaka. Alimtazama tu, na Issaka akaacha gurudumu lililokuwa halina kasoro.

Alipofika mlangoni alisimama tena, kwa mazoea, ncha za viatu kwenye kizingiti. Kaswera alikuwa ndani, ameshika pembe mbili za chandarua. Alimnyooshea nyingine mbili. Macho yao yakakutana, na kati yao hapakuwa na dirisha la mtu.

"Kijana," Papa Kitsa aliita kutoka barazani.

Issaka akageuka. "Naam, Papa."

"Viatu. Dada yangu alipanguza sakafu."

Issaka akavivua, akavipanga kando ya mlango, akaviacha nje. Yeye akaingia.